Kabla Hatujatupa Ile TV ya Chogo: Historia ya Gemu za Zamani Mpaka Hapa Mudende

Leo baridi imeshuka kutoka Karisimbi, mvua haijakatika tangu asubuhi, basi nimepata muda wa kuandika ile insha niliyoahidi.

Wengi mnajua kilichotokea. Mwezi uliopita tulipewa flati, TV mpya, nyembamba, inchi 32. Ni zawadi ya watu wema na tunashukuru kweli. Siku hiyohiyo tukachomoa PS2 yetu kwenye TV ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa ambayo wenzetu waliopitia Tanzania wanaiita TV ya chogo, tukaichomeka kwenye flati. Picha ikatoka imefifia, kama kioo kilichopakwa maziwa. Mbaya zaidi, ukibonyeza kupiga shuti, mchezaji anakaa kidogo ndipo anapiga. Kipa anaruka mpira ukiwa tayari wavuni. Vijana wakaanza kulaumu maneti (waliotoka Kampala wanaita pedi), halafu wakalaumiana wao kwa wao. Mwisho ikasemwa: PS2 imezeeka, TV ya chogo ni takataka, vyote vitupwe, tungoje mashine mpya.

Mimi niliomba tungoje kidogo kwanza. Nikashuka Gisenyi kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza redio na TV, nikamweleza. Alicheka, akasema mashine zetu zote mbili ni nzima, tatizo ni kwamba zimezaliwa nyakati tofauti na hazisikilizani. Akanionyesha mambo kadhaa pale mezani kwake. Mengine nikayasoma mwenyewe baadaye. Nayaandika hapa kwa sababu Jumamosi tutakaa kikao cha kuamua, na sipendi tuamue juu ya kitu ambacho hatukijui.

ILIANZA NA KASETI

Tarehe 15 Julai 1983, kampuni ya Nintendo ilitoa huko Japani mashine ndogo nyeupe na nyekundu iitwayo Famicom. Miaka miwili baadaye ikaingia Marekani ikiwa na sura nyingine na jina jingine, NES. Lakini huku kwetu ni wachache sana waliowahi kuiona hiyo ya Nintendo yenyewe. Iliyotufikia ni nakala. Viwanda vya Taiwan, baadaye vya China, viliiga chipu za Famicom na kutengeneza mashine zinazokula kaseti zilezile za pini 60. Zilifuata njia ya bidhaa nyingine zote: Dubai, bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, halafu lori mpaka Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma.

Kaka zetu wakubwa wanazikumbuka. Kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999, ukihesabu unakuta gemu chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti. Kuna Mario, kuna Contra, kuna ya vifaru, kuna ya kupiga bata. Unachomeka waya kwenye tundu la antena, unazungusha kitufe cha stesheni polepole katikati ya chenga mpaka picha itokee. Kaseti ikigoma, unaitoa, unaipuliza, unairudisha. (Fundi ananiambia kupuliza hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni kuitoa na kuirudisha, maana pini zinashika upya. Mate yako yanaleta kutu tu.)

Nakala zile hazikuwa na ruhusa ya Nintendo, hilo tuliseme wazi. Lakini ndizo zilizofika. Watoto wengi wa Afrika Mashariki, na wa Urusi na Amerika ya Kusini pia, walijua gemu kwa mara ya kwanza kupitia mashine ambayo jina lake halipo kwenye historia rasmi.

RANGI ZILIZOPOTEA MPAKANI

Hapa kuna jambo lililonishangaza. Wazee wengine wanasema gemu walizocheza wakiwa watoto zilikuwa nyeusi na nyeupe. Gemu zenyewe zilikuwa na rangi! Rangi zilipotea njiani.

Dunia iligawanyika sehemu tatu kwa jinsi ya kutuma rangi kwenye TV. Marekani na Japani walitumia mfumo wa NTSC, wenye mistari 525 na picha inayochorwa upya mara 60 kwa sekunde. Wajerumani walibuni PAL, Waingereza wakaichukua, mistari 625, mara 50 kwa sekunde. Wafaransa wakabuni ya kwao, SECAM, nayo ni mistari 625. Makoloni ya zamani mara nyingi yalifuata wakubwa wao wa zamani. Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa PAL. Zanzibar ilirusha TV ya rangi tangu mwaka 1973, wakati Tanzania Bara haikuwa na TV kabisa mpaka 1994. Zaire ilifuata Wafaransa, SECAM.

Sasa fikiria mtu wa Goma ana TV ya SECAM peke yake, ndugu yake anamletea mashine ya gemu ya PAL kutoka Kampala. TV inaelewa mistari, kwa hiyo picha inatoka. Haielewi rangi, kwa hiyo unaona kijivu kitupu. Akiletewa mashine ya NTSC kutoka Marekani, picha inaweza hata kupanda na kushuka bila kutulia. Watu walidhani wameuziwa kitu kibovu. Kumbe mpaka uliochorwa na wahandisi wa Ulaya miaka ya 1960 ulikuwa unapita katikati ya sebule yao.

Ilibadilika zilipoingia TV za mifumo mingi, zile zenye kitufe cha kuchagua PAL, SECAM au NTSC. Ile ya chogo yetu ni ya namna hiyo. Ukiwasha remoti yake (kama betri zipo!) utaiona hiyo orodha. Yaani inasoma mashine kutoka karibu nchi yoyote. Usiidharau.

Na kuna deni lingine la PAL. Gemu nyingi zilitengenezwa Japani kwa mara 60 kwa sekunde. Zilipoletwa kwenye PAL, kampuni nyingi hazikujisumbua kuzirekebisha, basi zikaenda mara 50. Matokeo yake gemu inatembea taratibu kwa karibu asilimia 17, muziki nao unavutika, na juu na chini ya kioo kuna mikanda myeusi. Ulaya na Afrika tulicheza gemu za miaka ile zikiwa zimepunguzwa mwendo, na wengi hatukujua.

BUNDUKI YA BATA

Fundi alinionyesha kitu kimoja ambacho kilinielewesha shida yetu yote. Ana mashine moja ya kaseti na bunduki yake ya plastiki. Akaichomeka kwenye TV ya chogo ya inchi 14, nikapiga bata, wakaanguka. Akaichomeka kwenye flati ya mteja. Nikapiga, hakuna. Nikasogea mpaka bunduki inagusa kioo. Hakuna.

Ile bunduki haitoi kitu, inapokea tu. Mdomoni ina jicho la kuona mwanga. Ukivuta, gemu inafanya kioo chote kuwa cheusi kwa muda mfupi sana, halafu inachora mraba mweupe pale alipo bata. Jicho likiona giza kisha mwanga kwa wakati uleule unaotarajiwa, umepiga. TV ya chogo inachora picha papo hapo: mshale wa elektroni unatoka nyuma, ndani ya ule mgongo, unapiga kioo mstari kwa mstari, picha ikifika inaonekana. Flati ni kompyuta. Inapokea picha, inaiweka, inaipanua ijae kioo, inaipamba, ndipo inaionyesha. Mwanga wa bata unapotokea, mashine imeshafunga hesabu kwamba umekosa.

Kwa PS2 ni hivyohivyo. PS2 ya mfumo wa PAL kwa kawaida inatuma picha nusunusu: kwanza mistari ya witiri, ya 1, ya 3, ya 5, halafu mistari ya shufwa, ya 2, ya 4, ya 6. TV ya chogo ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Flati haiwezi kuonyesha nusu, lazima iunganishe nusu mbili, na kuunganisha kunakula muda. Kwenye flati nyingine kuchelewa kunafika sehemu ya kumi ya sekunde. Ukitazama filamu hutaona kitu, maana sauti nayo inacheleweshwa sawa. Ukicheza mpira, ndiyo tofauti ya goli na aibu. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa amesahau kucheza, jamani. Tusamehane.

JINSI TV ZA CHOGO ZILIVYOTUPWA

Nchi nyingi za Afrika zilikubali katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2006 kuzima matangazo ya analojia, mwisho ukiwa 17 Juni 2015. Tanzania ilianza kuzima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Rwanda ilizima 2014, Kenya 2015. Watu wengi walidhani TV zao zimekufa. Zilihitaji dekoda tu, lakini wenye uwezo waliona bora wanunue flati. TV za chogo zikashuka bei, na vibanda vya gemu vikazichukua.

Hivyo ndivyo TV moja ya chogo na PS2 moja vikawa biashara ya mtu katika miji yetu mingi. Unalipa sarafu yako ya franka 100, unacheza mechi yako, ukifungwa unampisha mwingine. PS2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000, Sony wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na zaidi ya milioni 155 ziliuzwa, kuliko mashine yoyote ya gemu ya kuchomeka kwenye TV. Hata FIFA 14 na PES 2014 zilitolewa kwa PS2, mwishoni mwa mwaka 2013, wakati huko kwingine PS4 inakaribia kuingia sokoni. Kampuni zilijua kwamba sehemu kubwa ya dunia bado iko hapo.

CHIPU, MEMORI KADI NA FLASHI

Kilichofanya mashine hizi ziishi ni mafundi waliozifungua. Tuanze na PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani tarehe 3 Desemba 1994. Kila CD halali ilikuwa na alama ya siri karibu na katikati, herufi nne zinazosema ni ya Japani, Marekani au Ulaya. CD ya Japani haichezi kwenye mashine ya Ulaya, na CD iliyonakiliwa haichezi kabisa, kwa sababu mashine ya kawaida ya kunakili haiwezi kuandika alama ile. Mafundi wakaja na chipu ndogo inayolehemiwa kwa waya chache ndani ya mashine, kazi yake kurudia herufi zile kila mashine inapouliza. Asiyekuwa na chipu alikaba kitufe cha kifuniko kwa kipande cha plastiki, akaweka CD halali, akabadilisha kwa mkono CD ikizunguka. Mimi nimeliona hilo kwa macho yangu, na CD ikaruka.

PS2 nayo ilianza na chipu za kulehemu, kazi ngumu yenye waya nyingi kama nywele. Halafu mwaka 2008 ikatoka programu iitwayo Free McBoot, inayokaa kwenye memori kadi. Unawasha PS2, inasoma kadi, inafunguka bila kugusa bisibisi. Programu nyingine, Open PS2 Loader, inakuwezesha kucheza gemu kutoka kwenye flashi. Jicho la kusoma CD likichoka, na baada ya miaka 20 mengi yamechoka, mashine bado ina maisha. Angalieni mambo mawili. Tundu la USB la PS2 ni la zamani na la polepole, kwa hiyo sinema za katikati ya gemu zinakwama. Na PS2 nyembamba za mwisho, zinazoanza na namba 9000, nyingi hazikubali Free McBoot. Kwa hizo, mwaka 2020 ilipatikana njia nyingine, FreeDVDBoot, inayopitia kwenye sehemu ya kuchezea DVD.

Najua kuna mfanyakazi wa shirika atauliza: hii si wizi? Swali ni la haki. Kunakili gemu ya mtu na kuiuza ni wizi, hata kama sote tumecheza hizo CD. Lakini kuhamisha CD yako mwenyewe iliyokwaruzika kwenda kwenye flashi, kwa mashine ambayo kampuni yake haiitengenezi tena, mimi naona ni kutunza kitu chako. Sheria za nchi hazifanani kwenye hili, ndiyo maana nasema kikundi kitumie gemu zetu zile tulizo nazo kwenye sanduku, tusiingie kwenye biashara ya CD.

MUDENDE, NA MANENO YA KOLTANI

Sasa nije hapa nyumbani. Mudende ni jina zito kwa Wakongo wengi. Mwaka 1996 kulikuwa na kambi hapa kwa watu waliokimbia Masisi na Rutshuru, jirani na kilipokuwa chuo kikuu cha Waadventista kilichoanza mwaka 1984, ambacho leo kiko Kigali. Agosti 1997 abacengezi waliishambulia kambi, wakaua zaidi ya watu mia moja. Desemba mwaka huohuo wakarudi, wakaua mamia. Walionusurika walihamishiwa Byumba, ndiyo ikawa kambi ya Gihembe. Mwaka 2021 Gihembe nayo ikafungwa kwa ajili ya mmomonyoko wa udongo, watu wakapelekwa Mahama. Baadhi yetu tumezaliwa Gihembe na wazazi waliotoka Mudende.

Mama yangu mkubwa alipita hapa akiwa msichana. Nilipomwuliza kuhusu kambi hakujibu. Nilipomwuliza walikuwa wanacheza nini, alinijibu saa nzima: mpira wa majani ya migomba, kamba, mawe matano. Alikumbuka mpaka nani alikuwa anadanganya kwenye kuhesabu. Nilijifunza kwamba historia ya mchezo si historia ndogo. Kwa watu wengine ndiyo sehemu pekee wanayoweza kuisimulia.

Kwa nini naleta hayo kwenye habari ya PS2? Kwa sababu kuna maneno yanazunguka kwenye simu zetu kwamba vita ya Kongo ililetwa na PlayStation, juu ya koltani. Wengine wameanza kuyaandika hata kwenye insha za kikundi. Tusome tarehe, wandugu. Mapigano ya Masisi yalianza 1993. Wazazi wetu walikimbia 1995 na 1996. Vita ya kwanza ilianza mwishoni mwa 1996, ya pili Agosti 1998. PS2 imetoka Machi 2000. Mashine haiwezi kuleta vita iliyoitangulia.

Lakini msiende upande mwingine pia mkasema hakuna kitu. Koltani inatoa tantalamu, madini yanayotumika kwenye kondensa ndogo za simu, kompyuta na mashine za gemu. Mwaka 2000 vifaa hivyo viliuzwa kwa wingi sana, watengenezaji wakaogopa tantalamu itakwisha, na bei yake ikaruka mara kadhaa. Mwaka 2001 ikaanguka. Wakati huo mzalishaji mkubwa alikuwa Australia, si Kongo. Hata hivyo bei ile ilitosha kuwavuta watu wengi Kivu waache mashamba wachimbe, na ilitosha kuwalipa wenye bunduki. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliliandika hilo katika ripoti yao ya Aprili 2001. Mpaka leo Rubaya, kule Masisi, ni moja ya machimbo makubwa ya koltani duniani.

Kwa hiyo ukweli uko hivi: gemu haikuanzisha vita, lakini soko la vifaa kama hivi lilikuta vita inaendelea na likaipa fedha. Siwezi kusema kondensa za PS2 yetu zilitoka kwa nani. Ninachoweza kusema ni kwamba kuna udongo uliochimbwa kwa shida ndani ya kila mashine ya namna hii. Kwangu mimi hiyo ni sababu nyingine ya kutoitupa ikiwa nzima, ili tu inunuliwe nyingine.

KIJANA WA KAMBI NA LAPTOPU

Kuna mwenzetu mmoja mnapaswa kumjua, kama hamumjui. Lual Mayen ni wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu kumnunulia laptopu ya dola 300. Hakuna umeme, basi alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Gemu iliyomfungua macho ni Grand Theft Auto: Vice City, ya mwaka 2002, yaani tayari ilikuwa ya zamani. Akajifunza mwenyewe, akatengeneza gemu yake, Salaam, ambayo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia kutafuta usalama. Mwaka 2018 aliheshimiwa kwenye The Game Awards huko Marekani. Alianza na kifaa kimoja cha kawaida na gemu iliyopitwa na wakati, ila hakuna aliyekitupa kifaa kile kabla hajakielewa.

TUFANYE NINI JUMAMOSI

Mapendekezo yangu ni haya, na nitayasimamia kikaoni.

Kwanza, flati ibaki na tuitumie vizuri. Ina faida moja kubwa: inakula umeme kidogo kuliko ya chogo, na sisi tunategemea sola siku nyingi. Tuache ile waya ya njano. Tununue waya ya picha ya PS2 yenye vichwa vitano: kijani, bluu na nyekundu kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Flati yetu ina matundu hayo nyuma, nimeangalia. Halafu kwenye mipangilio tuchague hali ya gemu, ile inayozima mapambo ya picha. Kuchelewa hakutaisha chote, lakini kutapungua. Vile visanduku vya bei rahisi vya kugeuza waya ya njano kuwa HDMI, tusivikimbilie. Mara nyingi vinaongeza tatizo. Kuna vizuri kama RetroTINK na OSSC, vinavyogeuza mstari kwa mstari karibu bila kuchelewa, lakini bei yake inazidi PS2 yenyewe.

Pili, TV ya chogo isitupwe. Iwekwe kwenye meza imara, pasipovuja, iwe ya mashindano na ya gemu za bunduki. Ila asiifungue mtu yeyote isipokuwa fundi. Ndani yake kuna maelfu ya volti yanayobaki hata baada ya kuchomoa waya. Yanaweza kuua. Na ikifa kweli siku moja, isivunjwe nyuma ya nyumba, maana kioo chake kina risasi yenye sumu. Kuna kiwanda cha taka za elektroniki Bugesera, tuulize jinsi ya kuipeleka.

Tatu, PS2 yetu ni ile nyembamba ya adapta ya nje, volti 8.5. Maana yake inaweza kutumia betri ya sola ikiwa na kipunguza volti katikati. Msiichomeke moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, mtaiunguza. Fundi amekubali kutufundisha, watu watano kwa wakati mmoja, wasichana na wavulana.

Nne, na hii ni kwa wenzetu wa mashirika. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinasema mtoto ana haki ya kucheza. Kwa hiyo mchezo ni haki, hata kambini. Mkitaka kutuletea kifaa, tuulizeni kwanza tuna nini na kinakosa nini. Safari hii kilichokosekana kilikuwa waya moja.

Tano, tufungue daftari. Tuandike mashine imetoka kwa nani, imetengenezwa lini, nani alifundishwa. Nilipotafuta habari za gemu katika kambi zetu sikupata hata ukurasa mmoja. Tarehe za mashambulizi zimeandikwa, za chakula kilichogawiwa zimeandikwa. Aliyeleta mashine ya kwanza ya kaseti Kiziba, Nyabiheke au Gihembe, na usiku gani watoto walisimama nje ya dirisha kutazama, hayo yapo vichwani mwenu tu.

Basi, wewe uliyekuwa Gihembe, au uliyekulia Goma kabla ya kukimbia, andika hapa chini. Mashine yako ya kwanza ilikuwa ipi? Ilikuwa kwenye TV gani? Picha ilikuwa na rangi au ilikuwa kijivu? Nitayakusanya yote kwenye daftari, na Jumamosi saa nane mchana tukutane kituoni. Mwenye waya ya vichwa vitano aje nayo.